HESABU IRUDI KICHWANI KABLA PAMBA HAIJAFIKA MIZANINI

(Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)



Msimu wa kuuza pamba unakaribia. Kamati imetutuma tuseme neno juu ya jambo linaloonekana dogo, kumbe ndilo linalobeba jasho letu la mwaka mzima. Jambo lenyewe ni kuhesabu.

Siku hizi pale ghalani karani anabonyeza simu, anasoma jumla, nasi tunaitikia "Haya." Vijana waliomaliza shule nao ni hivyo hivyo. Ukimwuliza 25 mara 8, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu. Lakini mama muuza dagaa pale gulioni anakurudishia chenji yako hata kabla hujafunga mfuko. Basi akili ya hesabu tunayo, ila tumeiacha ikae bure.

Tukumbushane tulikotoka. Kabla ya ushirika, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara, na wakulima wakalalamika kuwa mizani inawapunja. Wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni ili kuhakiki uzito. Katika madai hayo ndimo vyama vyetu vya msingi vilimoota mizizi, na mwaka 1955 kikaandikishwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Kwa hiyo ushirika wetu ulizaliwa pale mizanini. Mwanachama asiyehesabu anarudi kule kule walikotoka wazee, hata kama karani ni mtoto wa jirani.

Baadaye likaja darasa la watu wazima. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianzia huku huku Mwanza; mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima; na Agosti 1975 nchi nzima ikafanya mtihani. Ile KKK ilikuwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hiyo K ya tatu ndiyo tunaiachia simu.

Sasa hebu tuhesabu pamoja. Tuchukue mfano tu, bei si ya msimu huu. Ndugu yetu ameleta mizigo mitatu: kilo 48, kilo 57 na kilo 39. Jumla kilo 144. Bei tuseme ni shilingi 1,150 kwa kilo. Usiogope! Kwanza 144 mara 1,000 ni 144,000. Zimebaki 150 kwa kila kilo: 144 mara 100 ni 14,400, na nusu yake ni 7,200, jumla 21,600. Jumlisha yote: shilingi 165,600.

Karani naye amechoka, jua kali, foleni ndefu. Badala ya 144 anabonyeza 114. Simu inatoa 131,100. Je, simu imekosea? Hata kidogo. Imejibu ilichoulizwa. Lakini shilingi 34,500 zimepotea, na hakuna mwizi wa kumkamata. Aliyejua kukisia angesema palepale: "Kilo mia na arobaini na zaidi, kila moja zaidi ya elfu, itakuwaje ikose laki moja na arobaini?" Kisio hilo halihitaji kalamu wala betri.

Makato nayo ni hivyo hivyo. Ukisikia asilimia 3, tafuta kwanza asilimia 1: gawa fedha yako kwa mia. Katika 165,600 ni 1,656. Mara tatu ni 4,968. Ukikuta kwenye risiti kumekatwa zaidi, uliza kabla ya kuweka sahihi.

Kuna dawa za wadudu pia. Kibandiko kikisema mililita 30 kwa lita 10 za maji, na bomba lako ni la lita 15, unatia 45. Wengi tunakadiria kwa kifuniko, eti "kimoja na kidogo." Ukipunguza, funza wanabaki. Ukizidisha, unaunguza majani na fedha, na afya yako unaiweka hatarini.

Na mikopo, jamani! Mtu akiambiwa asilimia 10 anaona kidogo. Aulize: kwa mwaka au kwa mwezi? Laki mbili kwa asilimia 10 kila mwezi, kwa miezi sita, riba peke yake ni 120,000, hapo bado hujarudisha zile laki mbili.

Hatuipigi vita simu, wala mizani ya kidijitali. Ni vyombo vizuri, vinaharakisha kazi. Na karani mwaminifu haogopi kuhakikiwa. Tukihesabu naye, tunamlinda yeye pia siku fedha zitakapopungua. Tunachosema ni hiki: chombo kisaidie kichwa, kisikae mahali pa kichwa.

Kwa hiyo mkutano umekubaliana:

1. Kila mwanachama aje na daftari lake, aandike uzito wa kila mzigo akiutazama mwenyewe mizanini.
2. Karani asome kwa sauti kilo, bei na makato, ndipo asome jumla.
3. Mwanachama ataje kisio lake kabla ya kupokea risiti. Vikitofautiana sana, hesabu irudiwe, na foleni ivumilie.
4. Jumla ya kilo zilizopokelewa iandikwe kwenye ubao huu kila jioni.
5. Darasa la hesabu lifanyike kila Jumamosi. Wazee waliosoma KKK wafundishe, na vijana wafundishe mambo ya simu. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Darasa la kwanza ni Jumamosi hii saa 10 alasiri, hapo ghalani. Njoo na kalamu, pamoja na risiti yako ya msimu uliopita, tuipige hesabu upya.

Kamati ya Elimu