Anayeandika Neno la Shahidi: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi



Tangu mwaka 1979 Mahakama ya Rufani ya Tanzania husikiliza rufaa za Bara na za Zanzibar. Kwa kawaida majaji wake hawamwoni shahidi wala hawaisikii sauti yake. Kinachowafikia ni karatasi, nayo karatasi haiwezi kuwa bora kuliko uangalifu wa aliyeiandika. Jambo hili lazihusu mahakama zote, lakini ladhihirika zaidi katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, ambako shahidi huweza kusema kwa lugha moja na maneno yake yakaandikwa kwa nyingine.

Lugha ya wenyeji huko ni Kiha. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilipokea tena Warundi mwaka 2015. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, na msemaji wa hii humfahamu wa ile. Hakimu aliyehamishiwa huko kutoka Tanga hana bahati hiyo. Humtegemea mkalimani aliyeapishwa, ndipo aandike. Tena, kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama, kumbukumbu za mahakama ya wilaya kwa kawaida ziliandikwa kwa Kiingereza. Neno la mkulima wa Kibondo liliweza basi kuvuka mito miwili kabla ya kutua karatasini.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu chake cha 210, ilimkabidhi kalamu hakimu mwenyewe: aandike ushahidi, au uandikwe mbele yake na chini ya usimamizi wake, naye autie saini. Kwa kawaida hauandikwi kama maswali na majibu bali kama maelezo mfululizo. Hapo pana hatari. Tuseme shahidi ameulizwa kama alimwona mshtakiwa usiku ule, akajibu: “Naam, nilimwona, ila kwa mbali, na mwezi ulikuwa mchanga.” Ikiandikwa tu kwamba alimwona mshtakiwa usiku, hakuna uongo ulioandikwa, lakini shauri limekwisha geuka. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilitaka umbali, mwanga na muda wa kumtazama mtu vipimwe kwa makini kabla ya kumtia hatiani kwa ushahidi wa kutambuliwa. Jaji hawezi kupima umbali ambao haukuandikwa.

Ni nani basi anayempima mwandishi? Wakili haruhusiwi kufanya kazi yake bila cheti kinachohuishwa. Mwandishi wa mahakama hana leseni ya namna hiyo nchini. Kilicho karibu nayo ni mtihani wa hati mkato, ambao makatibu mahsusi wa Serikali, wengi wao waliosoma Chuo cha Uhazili Tabora, walitakiwa kufaulu kwa maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Huo ni mtihani wa ofisi. Jimbo la California, Marekani, liliunda bodi ya waandishi wa mahakama mwaka 1951. Bodi hiyo huwatahini kwa maneno 200 kwa dakika, huwapa leseni, na yaweza kumnyang’anya leseni anayekiuka masharti. Arusha nako, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, ilikuwa na waandishi wa Kiingereza na Kifaransa. Shahidi aliposema Kinyarwanda, walichoandika ni maneno ya mkalimani; sauti ya shahidi ilihifadhiwa katika kanda, na palipotokea ubishi iliwezekana kuirudia. Mahakama ya wilaya ya milimani, yenye daftari na kalamu, haikuwa na pa kurudia.

Katika miaka hii ya 2020 Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mitambo inayonukuu na kutafsiri mashauri. Hatua hiyo ni njema, kwani mkono wa hakimu huchoka. Lakini mtambo hauli kiapo, na mtambo uliofunzwa Kiswahili na Kiingereza haukufunzwa Kiha. Bado atahitajika mtu wa kuyalinganisha maandishi na sauti na kuyathibitisha kwa jina lake. Mtu huyo ndiye anayestahili kutahiniwa na kupewa leseni, na mtihani wake upime lugha ya mahali anapofanyia kazi kabla ya kupima kasi ya vidole.

Kwa wakati huu shahidi wa Bara anayo haki iliyomo katika sheria hiyohiyo, nayo hutumiwa na wachache. Hakimu anapaswa kumwarifu kwamba anaweza kusomewa ushahidi wake. Akiona neno limeachwa au limepinda, aseme hapohapo kabla ya kushuka kizimbani, na alilosema litaandikwa katika kumbukumbu.