Taka za Wengine, Ardhi Yetu



Kamati yetu ililetewa wazo kwamba maeneo yaliyo wazi kwetu yapokee taka za miji ya nje, kwa ada ya kila lori. Tulipoliweka kwenye hesabu, ada ilionekana mara moja upande wa mapato. Gharama ya kufukia dampo, kulinda chemchemi na kutibu watoto haikuandikwa popote.

Watu wa Tabata, Dar es Salaam, wanaijua gharama hiyo. Waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu, na mwaka 1988 mahakama ikaamuru taka zisimwagwe tena pale. Malori yakageukia Kunduchi Mtongani. Huko nako wananchi walifungua kesi mwaka 1991, wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Ushindi wa mtaa mmoja uliwapelekea wengine malori.

Kayanga na Nkwenda zina taka zake, hatukatai. Lakini nyingi za sokoni ni maganda ya ndizi na majani ya migomba, mbolea ya kurudi kibanjani (bibi zetu walifanya hivyo bila semina).

Harambee ya leo ni ya kutenganisha taka hizo sokoni na kupima mipaka ya ardhi za vijiji. Chini ya sheria ya mwaka 1999 ardhi hiyo haigawiwi bila mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano unapaswa kujua unaulizwa kuhusu eneo lipi. Bahasha ziko kwa mhazini, stakabadhi zitatolewa hapo hapo.