Haya na Saratani ya Mlango wa Kizazi



Marehemu dada yangu alificha damu isiyo ya hedhi miezi minane, kwa haya. Hata alipokubali kwenda kwa daktari, maradhi yalikuwa yamekwisha enea. Haya ni katika imani, wala siibezi. Lakini uchunguzi wenyewe ni mwepesi: muuguzi wa kike hupaka mlango wa kizazi siki hafifu (naam, jamaa ya siki ya kachumbari!), na pahala penye dalili hugeuka peupe, patibiwe kabla hapajawa saratani. Matiti nayo hupapaswa.

Hapa Uganda wasichana huchanjwa kote nchini tangu mwaka 2015. Sisi mama zao tuliotimiza miaka 30, chanjo ilitupita, uchunguzi haujatupita. Enyi waume, twaomba ruhusa na nauli.