Picha moja, faili tatu: ipi ibaki, ipi ifutwe?

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa kamati za usimamizi wa miradi katika wadi



Leo sizungumzii jinsi ya kupiga picha, bali jinsi ya kuzitunza. Ninyi ndio mnaopiga picha za msingi wa darasa kabla ya zege kumwagwa, na za mabomba ya maji kabla hayajafukiwa. Mtaro ukishafunikwa, picha ndiyo inayobaki kuonyesha bomba lililazwa vipi. Ikipotea, linabaki neno la mwanakandarasi na neno lenu.

Shida huanza simu au kompyuta inapojaa. Mtu akitaka kupunguza, anakuta picha ileile mara mbili au tatu. Sababu ni hii. Kamera nyingi zinaweza kuhifadhi picha moja kwa faili mbili: faili ghafi, ambayo wapiga picha huiita RAW, na JPEG, iliyobanwa ili iwe ndogo. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili ghafi huweza kufika MB 25 au 30. JPEG huwa ndogo zaidi kwa mbali. Simu za iPhone nazo, tangu mwaka wa 2017, zina aina iitwayo HEIC. Hiyo huchukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG, lakini kompyuta nyingi za zamani haziifungui. Watu huigeuza kuwa JPEG, wakabaki na zote mbili. Ongeza ile iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp: sasa ni tatu.

Kwa macho zinafanana. Ndani hazifanani. JPEG hupungua kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na kilichotupwa hakirudi hata ukiigeuza tena kuwa faili kubwa. Picha ya asili pia hubeba ndani yake tarehe na saa, na mahali ilipopigwa ikiwa umeruhusu simu kurekodi. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida, huipunguza na kuondoa maelezo hayo. Kwa kazi yenu, tarehe ndiyo uzito wa picha.

Msiziachie programu za kutafuta nakala kazi yote. Zinazolinganisha yaliyomo ndani ya faili hazitaona kwamba faili ghafi na JPEG ni picha moja. Zinazolinganisha majina ni hatari zaidi, kwa sababu kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha huanza upya. IMG_0412 ya Machi na IMG_0412 ya Septemba zinaweza kuwa miradi miwili tofauti.

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, tambueni faili ya asili: faili ghafi ikiwepo, au ile ambayo simu yenyewe ilihifadhi. Hiyo haifutwi wala haihaririwi.

Pili, wekeni kando yake JPEG moja ya matumizi, ya ripoti na ya kuonyesha barazani. Wapo watakaouliza, "Faili ghafi haifunguki kwa simu yangu, ya nini?" Faili ghafi ni ushahidi, JPEG ni ya kuonekana kila mahali. Kampuni nyingi za kamera zina faili ghafi za aina zao, na programu za kuzifungua hubadilika. Faili mbili zenye kazi mbili si marudio.

Tatu, zipeni jina moja linaloanza na mwaka: 2024-03-14_mtaro-wa-soko_01. Zikikaa kwenye folda moja, zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

Nne, hamisheni nakala kwenye diski ya nje inayowekwa mahali pengine, fungueni picha chache kuhakikisha, ndipo mfute zile za WhatsApp na zilizogeuzwa mara mbili.

Tano, mnapotutumia picha, zitumeni kama hati, si kama picha. Hivyo hufika jinsi zilivyo.

Hili si jambo la ofisi peke yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inazitaka taasisi za umma kuweka kumbukumbu sahihi na zinazoweza kutumika, na ombi la mwananchi kuamuliwa ndani ya siku 21. Mkaazi akiuliza mtaro ulikuwaje kabla ya kufukiwa, siku hizo zitaisha upesi ikiwa tunatafuta katika maelfu ya faili zisizo na majina.

Leo jioni msifute chochote. Chagueni mradi mmoja, folda moja, na mzipange picha zake kwa hatua hizi tano. Mkimaliza huo, nendeni kwa wa pili.

Sasa nakaribisha maswali.