RISASI ILIYOGOMA SI CHUMA CHAKAVU

Yafuatayo ni maneno ya mzee mmoja, askari mstaafu wa vita vya Kagera, aliyoyasema mbele ya vijana waliorudi nyumbani Buganguzi, wilayani Muleba, kwa Krismasi. Tumeyafupisha kidogo. – Mhariri.

Waitu, vijana wangu, mlitaka niwasimulie vita. Vita nimesimulia mpaka mama zenu wamechoka. Leo nasema juu ya kitu cha urefu wa kidole: risasi ya SMG. Juzi mjukuu mmoja wa hapa hapa, ambaye huko Dar anaishi kwa biashara ya vyuma chakavu, alinionyesha risasi tatu alizouziwa ndani ya gunia. Zina kutu. Akasema, "Babu, hizi zimeshakufa. Tazama, sumaku inazishika, ni chuma tupu." Nikamwambia aziweke chini polepole.

Sumaku haidanganyi, ila haisemi yote. Shaba haishikwi na sumaku, ganda la chuma linashikwa. Ndani ya ganda hilo bado mna baruti, na kitakoni mna kiwashio. Kutu ya nje haikuambii lolote juu ya vitu hivyo viwili.

Februari 1979, kwenye njia ya Masaka, bunduki yangu iligoma mara mbili siku moja. Mara ya kwanza risasi ilitoka lakini ganda likabaki ndani. Ile ndoano inayovuta ganda iling'oa kipande cha ukingo wake, ganda likaganda pale pale. Nililitoa kwa kusukuma ufito wa kusafishia kutokea mdomoni mwa mtutu, huku wenzangu wananifyatulia pande zote. Mara ya pili nilivuta kifyatulio, kimya. Hapo ndipo mafunzo yaliponiokoa: usigeuze bunduki kuichungulia, elekeza mbele, subiri. Kiwashio kibovu kinaweza kuchelewa, kisha kikalia.

Kwa nini hugoma? Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kuziba chumba cha bunduki, moshi usirudi nyuma. Shaba ikishatanuka hunywea tena upesi na kutoka kirahisi. Chuma ni kigumu. Hakizibi vizuri, masizi hupenya, na hakinywei kama shaba. Piga risasi nyingi bila kusafisha, chumba kinakuwa kama chungu cha ugali ulioungua. Halafu chuma ni lazima kipakwe rangi au shaba nyembamba juu. Ikikwaruzika, na unyevu huu wa ziwa letu, kutu haichelewi.

Msinielewe vibaya, siitukani risasi ya chuma. Wajerumani waliitengeneza kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili kwa sababu shaba iliwaadimikia. Warusi risasi yao ya mwaka 1943 waliipa umbo lililochongoka kidogo kuelekea mbele, ndiyo maana huteleza kutoka hata ndani ya bunduki chafu. Ikitunzwa pakavu, na kasha lake halijafunguliwa, inafanya kazi miaka mingi. Ubaya ni ile iliyozeeka, ikanyeshewa, ikahama mikono isiyojulikana.

Na hata shaba hugoma. Marekani walipeleka M16 Vietnam, maganda ya shaba yakawa yanakwama na vijana wakafa wameshika bunduki zilizofungika. Wakubwa wakasema askari ni wavivu, hawasafishi. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao ikachunguza: baruti ilikuwa imebadilishwa, na chumba cha bunduki hakikupakwa kromu. Askari alikuwa akisingiziwa. Mnaona faida ya Bunge linalouliza?

Sisi tumeuliza nini? Mabomu yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Yakalipuka tena Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Watu zaidi ya 20 walikufa kila mara, wengi raia waliokuwa nyumbani kwao. Siombi siri za jeshi, nilikula kiapo. Nataka mbunge asimame aulize: shehena iliyopo ni ya miaka gani, nani huikagua, iliyochakaa huteketezwa wapi, mbali kiasi gani na nyumba za walalahoi?

Na msidhani ni jambo la Dar peke yake. Tarehe 8 Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoa wetu huu huu. Mtoto alifika na bomu la mkono, ikaelezwa alilidhani chuma chakavu cha kuuza. Wanafunzi 5 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mpaka wetu umepitiwa na vita vya majirani miaka na miaka, na vita huacha makombo porini.

Kwa hiyo ukiikuta kwenye gunia usiigonge, usiichome moto upate shaba, usiitie mfukoni uwaonyeshe wasichana. Weka alama, watoe watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Yule mjukuu wa gunia tulikwenda naye kwa mwenyekiti. Polisi walikuja kesho yake wakazichukua. Hakufungwa. Alilalamikia tu pesa ya gunia lake, nami nikamlipa kwa mkungu wa ndizi. Haya, maswali.