Ndui, Sotoka na Riwaya ya Vijana

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, nyanda za Serengeti zikiwamo. Ndui na njaa vikafuata. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na sotoka mwaka 2011. Basi kijana wa Tarime au Serengeti amerithi majina ya maradhi asiyopata kuyaona. Riwaya ya kihistoria yaweza kumrejeshea maana yake: aliyepona ndui kwa kawaida hakuambukizwa tena, hivyo mwenye makovu ndiye aliyefaa kuuguza wenziwe. Masimulizi ya wazee yamo katika Kikuria, Kingoreme na Kiikoma. Mwandishi wa Kiswahili hana budi kuyasikiliza kwanza, wasimulizi wangali hai.