Vidakuzi vya Tovuti na Haki ya Mgeni: Mada kwa Wenye Nyumba za Wageni na Watumiaji wa Intaneti Lamu

Lamu inaishi kwa wageni, na siku hizi mgeni hufika kwenye tovuti kabla hajafika Mokowe wala uwanja wa ndege wa Manda. Mtu aliye Munich au Nairobi hufungua ukurasa wa nyumba ya kupangisha ya Shela, akatazama picha za baraza na bei za vyumba, kisha akafunga. Kesho yake anasoma habari za mpira katika tovuti nyingine kabisa, na pembeni mwa ukurasa anakuta tangazo la hoteli za pwani. Hakumwambia mtu yeyote kwamba ana nia ya kusafiri. Kilichotoa habari ni vidakuzi vilivyoachwa ndani ya kivinjari chake, au kuki, kama vijana wengi wanavyoviita.

Katika jambo hili watu wa Lamu wamo pande zote mbili. Ni watumiaji wanaofuatwa, na ni wenye tovuti zinazowafuata wengine. Upande huu wa pili husahaulika sana, na ndio unaobeba wajibu wa kisheria.

Kidakuzi ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi baiti 4,096, ambayo tovuti huyatuma kwenye kivinjari na kivinjari huyarudisha kila tovuti ile inapofunguliwa tena. Hufanya kazi kama kadi ya hospitali: mgonjwa hubaki na kadi yenye namba, faili lenye habari zake hubaki kwa karani. Chenyewe si programu wala virusi, na hakiwezi kupekua picha zilizo ndani ya simu. Uzito wake uko katika lile faili linalokua upande wa pili.

Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alivibuni mwaka 1994 ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka bidhaa alizochagua mteja. Wakati huo lilikuwapo wazo la kukipa kila kivinjari namba moja ya kudumu itakayosomwa na tovuti zote. Montulli alilikataa, kwa sababu lingewezesha mtu kufuatwa kila aendako. Akaweka sharti kwamba kidakuzi kisomwe na tovuti iliyokiweka peke yake. Lakini ukurasa mmoja unaweza kubeba ramani, video au tangazo kutoka kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo ikaweka kidakuzi chake. DoubleClick ilijenga biashara ya matangazo juu ya upenyo huo, na mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Kampuni ambayo vipande vyake vimepachikwa katika tovuti nyingi humtambua mtu yule yule kila anapopita, na huko ndiko tangazo la hoteli za pwani lilikotoka.

Kwa hiyo vidakuzi havina hukumu moja. Kinachomwezesha mgeni kubaki ndani ya akaunti yake au kukamilisha malipo ya chumba ni cha lazima, na mara nyingi hufa anapomaliza au muda mfupi baadaye. Kile cha Google Analytics kiitwacho _ga, kinachohesabu wageni wa tovuti, kwa kawaida huwekewa muda wa miaka miwili. Kile cha Facebook kiitwacho _fbp, kinachosaidia kulenga matangazo, hukaa siku 90. Mwenye nyumba wa Langoni anapomlipa fundi amtengenezee tovuti, anaweza kukabidhiwa vyote hivi bila kuambiwa, vimekuja pamoja na ramani, video ya YouTube na kiolezo kilichopakuliwa bure. Tovuti ya nyumba yenye vyumba vinne inahitaji picha nzuri, bei, namba ya simu na njia ya kuweka nafasi. Kama hakuna anayesoma takwimu wala anayelipia matangazo, vidakuzi hivyo vinamfanyia kazi mtu mwingine, na viondolewe.

Sheria ya Kenya haikulifumbia macho jambo hili. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Humo, kitambulisho cha mtandaoni kimetajwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo namba iliyo ndani ya kidakuzi inaweza kuwa data binafsi hata pasipo jina. Ridhaa inayotakiwa ni ya hiari, ya wazi, yenye kueleweka, na inayotolewa kwa tamko au kitendo dhahiri. Mtu ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa liko kwa mwenye tovuti.

Kuna kifungu kinachowagusa watu wa Lamu moja kwa moja. Kanuni za usajili chini ya sheria hiyo, zilizoanza kutumika Julai 2022, huwasamehe kujisajili wafanyabiashara wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Msamaha huo hauzifikii biashara za ukarimu wa wageni. Nyumba ndogo ya wageni, hata yenye mpishi mmoja na mlinzi mmoja, inatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Waongoza watalii wametolewa katika kundi hilo.

Wenye wateja Ulaya wana la ziada. Kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, humfikia hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya ikiwa anawauzia huduma watu walioko huko. Tovuti ya Shela yenye ukurasa wa Kijerumani na bei za yuro inaonyesha wazi inamlenga nani. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama mapema si ridhaa. Miaka miwili na ushei baadaye mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa iliitoza Google yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60, kwa kuwa kukubali vidakuzi kulihitaji kubonyeza mara moja tu huku kukataa kukihitaji hatua kadhaa. Bango la haki lina kitufe cha kukataa kilicho karibu na kile cha kukubali, kwa ukubwa ule ule, na vidakuzi visivyo vya lazima hukaa kimya mpaka mgeni ajibu.

Sasa upande wa mtumiaji. Safari huzuia vidakuzi vya kampuni za nje tangu 2020. Firefox huwekea kila tovuti hifadhi yake, ili kilichowekwa hapa kisisomwe kule. Chrome ni kisa kirefu zaidi: Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa vidakuzi vya aina hiyo ndani ya miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaacha mpango huo. Kwa hiyo mwenye simu ya Android anayetumia Chrome ajilinde mwenyewe. Abonyeze nukta tatu, aingie Mipangilio, kisha Faragha na usalama, atafute sehemu ya vidakuzi vya washirika wengine na kuvizuia. Tovuti chache zinaweza kugoma sehemu fulani, nyingi hazitatetereka. Hali fiche nayo hufuta vidakuzi vyake dirisha linapofungwa, ila haimfichi mtu kwa kampuni inayomuuzia intaneti. Na programu za simu hutumia njia nyingine, yaani kitambulisho cha matangazo, kinachoweza kufutwa katika mipangilio ya Google ndani ya simu.

Kwa wakazi wa visiwani, hatari iliyo karibu zaidi iko kwenye mashine za watu wengi. Mwanafunzi kutoka Faza au Kizingitini anayeingia saiba mjini kuomba nafasi ya chuo, au mzee anayetafutiwa cheti katika eCitizen, anaweza kuondoka akiacha kidakuzi cha kikao kikiwa hai. Anayekalia kiti kile baada yake anaweza kuikuta akaunti wazi, bila kuhitaji nenosiri. Hilo halitatuliwi na sheria yoyote ya Nairobi wala Brussels. Wenye saiba wanaombwa waweke kila kivinjari kifute vidakuzi kinapofungwa, na wateja wao wazoee kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Anayeona haki yake imevunjwa ana pa kwenda. Sheria inaruhusu malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data yatolewe kwa mdomo au kwa maandishi, na yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Kila mwenye nyumba ya wageni anaombwa arudi kwa fundi wake na swali moja: tovuti yangu inaweka vidakuzi gani, na kila kimoja ni cha nani?